Nguzo ya Kumi na Saba

Mzee Nguzo hakupewa lakabu yake kwa urefu, maana alikuwa mfupi, wala kwa uimara wa mwili, maana goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kumwasi. Alipewa kwa kazi. Miaka thelathini na mmoja nyuma, yeye na mpima ardhi mmoja wa nchi jirani walitembea kwa miguu miezi minane, dira mkononi na vibarua nyuma yao, wakapanda nguzo kumi na saba za zege katika mpaka ambao hadi wakati huo ulikuwa umekaa karatasini tu. Tangu hapo hakuna damu iliyomwagika kwa ajili ya mpaka ule. Jambo hilo mzee hakulitaja mbele ya watu kwa kuchelea kujisifu. Ila kila alipomaliza sala ya alfajiri na kubaki kitambo juu ya mswala, lilikuwa miongoni mwa yale aliyomshukuru Mola wake kwayo.

Na kama alikuwa na fahari nyingine inayolingana na hiyo, basi ilikuwa binti yake kitinda mimba. Binti huyu alisomea uhusiano wa mataifa hadi shahada ya juu kabisa, akaajiriwa katika taasisi ya utafiti wa sera, na mama yake akawa hamwiti ila Daktari wa Mataifa.

"Daktari gani huyu," mama mtu alizoea kuwaambia jirani zake, "mataifa anayatibu, mafua ya mama yake hayawezi."

Jumatatu moja alasiri, Daktari wa Mataifa aliingia sebuleni kwa wazazi wake na mkoba uliojaa karatasi, akavua viatu, akawaamkia, akaketi karibu na kiti cha baba yake.

"Baba, lile daftari lako la uwandani bado lipo?"

"Litakwenda wapi?"

"Lipo kabatini," mama akadakia, "limelalia shuka zangu nzuri. Hilo si daftari, hilo ni mke mwenzangu. Miaka thelathini nakaa naye nyumba moja, na zamu yake hapunguziwi."

Binti alicheka, kisha akaeleza lililomleta. Nchi jirani ilikuwa imepima upya mpaka kwa setilaiti, ikaleta barua kwamba nguzo ya mwisho, ile ya kumi na saba, haiko mahali ilipoagizwa na mkataba. Magazeti ya nyumbani yakaja juu, yakasema jirani anatafuta chokochoko kwa sababu ya chemchemi iliyo karibu na nguzo hiyo. Mwezi uliopita wachungaji wa ng'ambo walifukuzwa pale kwa risasi za hewani. Sasa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje na Usalama ilikuwa imeitisha kikao cha kusikiliza maoni ya umma siku ya Jumatano. Jenerali mmoja mstaafu angependekeza kikosi kipelekwe chemchemini. Yeye binti angeiwakilisha taasisi yake na kupendekeza uhakiki wa pamoja, wapima wa nchi mbili waende wakaangalie pamoja kabla ya bunduki kufika.

"Andiko langu linaanza hivi," akasema, akasoma kwa sauti ya darasani. "Nguzo ziko mahali pake, na kwa kuwa ziko mahali pake, hatuna haja ya kuogopa kuzikagua."

Mzee aliirudia sentensi ile moyoni, akaiona imesimama kama mtu aliyenyoosha mgongo.

"Na wewe umealikwa, Baba. Kiti cha mbele. Jenerali ana pendekezo jingine, kituo kipya cha mpakani kiitwe kwa lakabu yako. Mimi naomba daftari tu, niliweke mezani walione."

"Kituo kizima," mama akasema. "Na hapa nyumbani hata mlango wa choo haumtii."

Mzee aliahidi kulifuta vumbi daftari na kulileta mwenyewe.

Jioni hiyo, baada ya sala ya magharibi, alilifungua mezani kwa adabu ya mtu afunguaye amana. Kurasa zilikuwa zimegeuka rangi, ila wino ulikuwa hai. Kila nguzo ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na alama ndogo ya vema kwa wino wa kijani, mkono wa mwenzake wa ng'ambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao, wakiiita kusomeana: hakuna tarakimu iliyosimama mpaka mmoja aisome kwa sauti, mwenziwe airudie, kisha atie vema. Hata wakiwa wamechoka, hata mvua ikiwanyea, walisomeana.

Na walikuwa na mzaha wao. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Hupinda kidogo, na upindaji wake hutofautiana kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine. Kule mzee alikojifunzia kazi sindano hupinda mashariki, na mpima anayetaka kuifuata kaskazini halisi hutoa upindaji huo. Kule mpakani ilipinda magharibi digrii moja, na ilipasa kujumlisha. Mazoea ni kitu kigumu. Mara ngapi ulimi wake uliteleza ukasema "toa moja", na mara ngapi mwenzake aliinua kidole na kumwambia, "Jumlisha, ndugu yangu, hapa si kwenu." Wakacheka, wakaandika sawa.

Akafika ukurasa wa kumi na saba. Mkataba ulisema mstari wa mwisho utoke nguzo ya kumi na sita kwa digrii kumi na tatu za kaskazini halisi, umbali wa kilomita tisa. Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: kumi na tatu, toa moja, kumi na mbili.

Alama ya kijani haikuwepo. Palikuwa na saini tu, iliyopinda, saini ya mtu aliyelala.

Akakumbuka. Siku ile mwenzake alikuwa hemani akitetemeka kwa homa, mvua zilikuwa zinakaribia kuifunga njia, na yeye akaenda peke yake na vibarua. Jioni alimpelekea daftari kitandani. Mgonjwa hakusoma, aliuliza tu, "Umemaliza, ndugu yangu?" Akajibiwa ndiyo, akasaini kwa kuamini.

Mzee alichukua penseli akakokotoa. Akageuza karatasi akakokotoa tena. Dira ilipaswa kuwekwa kumi na nne, nayo iliwekwa kumi na mbili. Digrii mbili kwa kilomita tisa ni mita mia tatu na kumi na nne, na zote zilikuwa zimeingia upande wa jirani. Chemchemi haikuwa yetu.

Jumanne nzima alikuwa mtu wa kukaa na kunyanyuka. Alikula akiacha nusu. Alikwenda msikitini adhuhuri akarudi akiwa amesahau kofia. Penseli haikutoka sikioni.

"Umekuwa kama mtu aliyemeza ufunguo, Baba Watoto," mkewe alimwambia. "Hutulii, na huufungui mlango wowote."

"Nina hesabu moja inanisumbua."

"Hesabu ya miaka thelathini nyuma inamsumbuaje mtu leo?"

"Ndiyo hiyo hasa isumbuayo, Mama Watoto."

Hakumwambia zaidi. Shetani naye hakuwa mbali, na alikuja na maneno ya busara. Alimwambia: mita mia tatu katika pori ni nini? Jirani ana setilaiti yake, mwache athibitishe mwenyewe. Binti yako amejenga andiko zima juu ya sentensi moja, nawe utaiangusha siku ya kwanza anaposikilizwa na wakubwa? Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Jina lake mwenyewe angeweza kulitoa, japo kwa uchungu. Jina la mwanawe lilikuwa kitu kingine. Lakini kila alipofika hapo, aliona kijana fulani wa mtu, mwenye sare na bunduki, amesimama juani kando ya chemchemi, akiilinda kwa roho yake hesabu iliyofanywa na mtu mwenye haraka.

Na bado akajipa udhuru mmoja wa mwisho. Tarakimu isiyosomwa na mwingine si tarakimu. Huenda macho yake ya uzee yalikuwa yanamdanganya. Asome mwingine.

Jumatano asubuhi alifika ukumbini mapema, kanzu imepigwa pasi ikakaza, daftari kwapani. Binti yake alikuwa katika ukumbi mdogo wa kungojea, penye viti vya plastiki na mashine ya maji iliyokuwa ikigugumia kila baada ya dakika chache. Alikuwa akizipanga karatasi zake kwa mara ya kumi.

"Weka hizo," mzee akasema. "Nisomee."

"Sasa hivi, Baba? Imebaki nusu saa."

"Kama tulivyokuwa tukifanya ulipokuwa mdogo. Ukurasa wa kumi na sita kwanza, kisha wa kumi na saba. Wewe soma, mimi nitarudia."

Binti aliketi. Alikuwa amekua na mchezo ule. Watoto wenziwe walifundishwa nyimbo, yeye alifundishwa kusomeana. Akaanza.

"Nguzo ya kumi na sita. Digrii tisa za kaskazini halisi."

"Tisa."

"Jumlisha moja. Kumi."

"Kumi."

"Vema ya kijani ipo." Akafungua upande wa pili. "Nguzo ya kumi na saba. Digrii kumi na tatu za kaskazini halisi."

"Kumi na tatu."

"Toa moja." Kidole chake kilisimama. Akarudi ukurasa wa kumi na sita, akaenda wa kumi na tano, wa kumi na nne, akafululiza hadi wa kwanza, halafu akarejea polepole. Mzee hakutikisa hata ukope. Moyoni alikuwa akimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana: aone, na asione.

"Baba, kurasa zote kumi na sita unajumlisha. Hapa umetoa."

"Nimetoa."

"Na vema ya kijani haipo." Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa andiko lake, midomo ikicheza kimyakimya. "Ni kama mita mia tatu."

"Mia tatu na kumi na nne."

Binti akainua macho. "Ulikuwa unajua."

"Nilijua mimi tu, na mtu mmoja hajui kitu. Sasa tumekuwa wawili."

Ungemtazama mzee wakati ule ungedhani amepokea habari njema. Daftari lile lilipita mikono ya mawaziri, mabalozi na wataalamu wenye miwani ya bei, hakuna aliyeliona kosa. Binti yake aliliona kwa pumzi chache, pasipo kudokezwa neno. Uchungu ulikuwepo, lakini juu ya uchungu ile fahari ilikuwa imekaa kama mtu aliyepanda mnyama wake akamtuliza.

"Nisikilize, Baba," binti akasema kwa sauti ya chini. "Naweza kuomba uhakiki wa pamoja bila kulitaja hili. Wapima wataenda, watakuta wenyewe. Hakuna atakayejua nani alikosea. Watasema ni vifaa vya zamani."

"Na Jenerali?"

"Jenerali atasema nguzo ya Mzee Nguzo haikosei."

"Na wale wa Kamati watamwamini nani, wewe au yeye?"

Mashine ya maji ikagugumia.

"Basi," mzee akasema. "Andiko lako nimeliharibu, hilo naliomba radhi. Lakini nguzo niliipanda mimi, na atakayeing'oa ni mimi."

"Andiko hujaliharibu." Alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Sentensi ya kwanza, ile iliyonyoosha mgongo, aliipiga mstari mmoja ulionyooka, akaandika nyingine juu yake. "Nina dakika ishirini. Mwanafunzi wangu angenijia na dakika ishirini ningemwambia zinatosha."

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Palikuwa na wanahabari, maofisa wa wizara, wanafunzi, na watu wawili kutoka ubalozi wa jirani waliokaa wima kama waliokuja kupigwa picha. Mama Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mwanamke wa sauti ndogo ambaye hakuhitaji kupiga meza.

Jenerali mstaafu alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeizoea njia moja. Alieleza kwamba amani ya kanda huanzia katika uthabiti wa mipaka, kwamba anayerudi nyuma hatua moja huombwa ya pili, na kwamba kikosi kidogo leo huzuia kikosi kikubwa kesho.

"Na msiyategemee maneno yangu mimi," akamalizia. "Mtegemeeni mzee yule pale mbele. Nguzo zile alizipanda kwa mikono yake. Mimi nimepita kwenye mpaka ule nikiwa luteni, nikapanga ramani zangu zote juu ya kazi yake, na sikupotea hata mara moja. Setilaiti iko juu huko, haijawahi kukanyaga tope. Mzee wetu amekanyaga."

Watu wakapiga makofi. Mzee Nguzo aliyapokea akiwa ameinamisha kichwa, na kila kofi lilimwangukia kama tone la maji ya moto.

Kisha akaitwa binti. Alisimama, akaweka daftari la uwandani juu ya meza, wazi.

"Nguzo ni amana ya pande mbili," alianza, "na amana ya pande mbili haikaguliwi na upande mmoja." Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi mpya. Alieleza desturi ya kusomeana, akaeleza kwamba amani ya miaka thelathini na mmoja haikuletwa na zege, bali na watu wawili wa nchi mbili walioikataa tarakimu yoyote mpaka waisikie kutoka kinywani mwa mwingine. Kisha akasema kwamba nguzo kumi na sita zilisomwa hivyo, na moja haikusomwa.

Jenerali aliomba nafasi. "Binti yangu, nakuheshimu. Unataka kutuambia baba yako alikosea?"

"Sitaki nikwambie mimi, Jenerali. Mwenyewe yupo."

Mzee alinyanyuka. Kutoka kiti cha mbele hadi kwenye kipaza sauti zilikuwa hatua tisa. Alizihesabu kwa mazoea ya kazi. Akatanguliza jina la Mungu kimoyomoyo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi si msemaji," akasema. "Nguzo ya kumi na saba nilikwenda peke yangu. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa na haraka. Palipopasa kujumlisha, nilitoa. Nguzo iko mita mia tatu na kumi na nne ndani ya nchi ya jirani, na chemchemi ni yao kwa mujibu wa mkataba tuliotia saini sisi wenyewe. Setilaiti imesema kweli. Anayetaka kuhakikisha, daftari lile pale, na binti yangu amelisoma kabla yenu nyote."

Kutoka nyuma sauti moja ikasema, si kwa kelele, "Mzee ametuuza." Alisikia. Mjumbe mmoja wa Kamati naye alinung'unika kwamba maji hayatolewi kwa hotuba.

"Hatujatoa kitu," Mama Mwenyekiti akamjibu. "Bado tunasikiliza. Jenerali?"

Jenerali alikuwa ameliendea daftari, amevaa miwani, anasoma ukurasa kwa ukurasa. Alichukua muda wake. Alipovua miwani, sura yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Hoja yangu ilisimama juu ya nguzo ile," akasema. "Nimewahi kuwazika vijana waliokufa kwa sababu za kweli, na hata hizo ziliniwia nzito. Siwezi kupeleka watoto wa watu wakalinde hesabu iliyokosewa. Naiondoa hoja ya kikosi." Akamgeukia mzee, visigino vikakutana. "Ile ya jina la kituo siiondoi."

Kamati ilipiga kura adhuhuri: wapima wa nchi mbili waende pamoja, na wizara iombe mazungumzo ili wachungaji wa pande zote waendelee kunywesha mifugo. Wawili walipinga. Wale wa ubalozi waliondoka haraka huku wakipiga simu, nyuso zao zimelegea.

Mzee aliporudi nyumbani alimkuta mkewe amezima redio na kuifunika kwa kitambaa, kama afanyavyo akiwa na neno.

"Kumbe ndio ufunguo uliokuwa umeumeza," akasema.

"Ndio."

"Umetoka salama?"

"Umetoka."

"Basi kula." Akamsogezea sahani, na kabla hajaondoka akamweka sawa ukosi wa kanzu, ambao haukuwa umepinda.

Alasiri, binti naye akiwa amefika na kujitupa kochini viatu vingali miguuni, simu ya mzee ikalia. Ilikuwa namba ya ng'ambo.

"Ulitoa," sauti ya kizee ikasema pasipo salamu.

Mzee Nguzo akaketi taratibu. "Nilitoa, ndugu yangu."

"Nimekusikia redioni. Na mimi nilisaini bila kusoma. Kosa hilo usilibebe peke yako, nipe ncha moja."

"Shika."

"Nani aliliona?"

"Binti yangu."

"Ulimwonyesha?"

"Sikumdokeza neno. Aliona 'toa moja', akarudi kurasa kumi na sita nyuma, akaniambia." Sauti yake ilikuwa imepanda bila ya yeye kujua, na binti kochini akafunika uso kwa mto.

"Wa kwetu huyo," mpima wa ng'ambo akasema. Kisha akakohoa, akaivaa sauti ya kazi. "Unalo daftari hapo? Hatujamaliza. Soma."

Mzee akaisogeza miwani. "Digrii kumi na tatu za kaskazini halisi."

"Kumi na tatu."

"Jumlisha moja. Kumi na nne."

"Kumi na nne. Andika, tia vema."

Mzee aliandika chini ya mstari wa zamani, pasipo kuufuta. Wino wa kijani haukuwepo nyumbani. Akamnyooshea binti yake kalamu.